Tofali Halianguki Lenyewe

Kuna maneno mawili ambayo sitaki kuyasikia tena kutoka kwa kijana anayepanda ukuta: "bahati mbaya." Tofali likimwangukia mtu, watu wanakusanyika, wanashika viuno, mmoja anatikisa kichwa na kusema bahati mbaya, na tangu hapo hakuna tena aliyefanya kitu. Tofali limekuwa mvua. Mimi nimefunga majukwaa ya waashi hapa Kisangani tangu nikiwa na meno yote mpaka nikabaki na haya machache ya mbele, na sijawahi kuona tofali lililoamka asubuhi likaamua kuruka. Kuna mtu aliliweka pale. Kuna mtu alisema liwekwe pale. Na kuna mtu aliondoa kile kilichokuwa kinalizuia.

Ninyi munaonijia hapa kwangu Tshopo siku za Jumapili kuniuliza kama ni kweli nilimpeleka patron, yaani mwenye kazi wangu, kwenye tribinali nikatoka mzima, leo nawajibu wote pamoja ili nipumzike. Sikumpeleka mimi. Aliyempeleka ni Mama Zaina. Mimi nilikataa tu kusema uongo, na hilo peke yake lilitosha kunifukuzisha kazi.

Kazi yangu munaijua. Mwashi anajenga ukuta, mimi namjengea pa kusimama. Zamani tulifunga mianzi na miti ya msituni kwa kamba na misumari. Siku hizi muna mabomba ya chuma na vibano vyake, na bado munaanguka. Aliyenifundisha ni mzee mmoja kutoka Ubundu, Papa Bolamba, mtu mfupi mwenye mikono mirefu. Huyo hakukuruhusu kupanda na nyundo mpaka uifunge kwenye kiwiko cha mkono kwa uzi. Tulimcheka sana. Nyundo iliyofungwa inakugonga goti, inakugonga ugoko, jioni unarudi nyumbani unachechemea kama uliyepigwa na mke. Mwenzetu mmoja akasema yeye si mbuzi wa kufungwa kamba. Wiki ile ile nyundo yake ikaangukia sufuria ya sombe, yaani kisamvu, ya mama aliyekuwa akitupikia, sombe ikaruka, chakula cha kikosi kizima kikaenda kwa kuku. Papa Bolamba hakupandisha sauti. Alisema, "Leo ni sombe. Mushukuru mama alikuwa amekwenda kutafuta chumvi." Tukashinda na njaa, na kesho yake kila mtu alikuja na uzi wake.

Kitu cha pili alichonifundisha ni ubao wa ukingo. Wafaransa wanauita plinthe. Ni ubao unaosimamishwa kwa ubavu pembeni mwa jukwaa, kimo chake ni kama kiganja na kidogo zaidi, kazi yake ni moja tu: mguu ukisukuma tofali, tofali ligonge ubao libaki juu. Haupendezi, haubebi mzigo, na mtu asiyejua kazi anauona ni mbao zinazopotea bure. Kwa hiyo ndio wa kwanza kuibiwa.

Sasa nisikilizeni.

Miaka ya mwisho ya kazi yangu nilikuwa mkubwa wa majukwaa kwenye chantier moja, uwanja wa kujenga ghorofa, katikati ya mji. Patron alikuwa mtu wa hapa hapa, mchangamfu, anajua majina ya watoto wetu wote. Sitamtaja jina, anajijua. Pale chini walikuwa wanawake wanaobeba maji na mchanga, na mmoja wao ndiye Mama Zaina, mjane wa Kimaniema, mwenye bega kama la mpiga kasia. Alibeba maji ya kuchanganyia simenti tangu msingi ulipochimbwa. Alikuwa na desturi ya kuimba akipita chini ya jukwaa, ili sisi wa juu tujue kwamba yuko. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Aliwaza mwenyewe.

Siku moja asubuhi patron alikuja na haraka. Simenti ilikuwa imefika, mbao za coffrage zilikuwa pungufu, yaani zile mbao za kumwagia zege. Akatazama juu, akaona plinthe zangu zimezunguka jukwaa lote.

"Papa Sefu," akaniambia, "hizi mbao iko nalala tu bure. Muzishushe, ziende kwa coffrage."

"Patron, hizi iko nafanya kazi. Hata kama hauzione zinatembea."

"Kwa siku tatu tu."

"Hapana, patron. Coffrage ingoje siku tatu, vichwa ya watu haingoje."

Alicheka, akanipiga begani, akasema mimi ni kichwa ngumu kama watu wote wa Ubundu. Mimi si wa Ubundu, ni mwalimu wangu aliyetoka kule, lakini nikaona amekubali. Baada ya nusu saa akanituma ng'ambo ya mto, Lubunga, nikachague mianzi. Nikavuka. Mianzi niliyoonyeshwa ilikuwa mibichi, nikaikataa, nikarudi mapema kuliko alivyotegemea.

Nilipoingia kwenye uwanja nilitazama juu kwanza, kama nifanyavyo siku zote, na jukwaa lilikuwa uchi. Plinthe zote zimetolewa. Waashi wanafanya kazi, matofali yamepangwa hadi ukingoni. Nikapaza sauti, "Mushuke wote, mushuke sasa hivi." Mwashi aliyekuwa karibu, kijana anayeitwa Jeancy, aligeuka aone nani anamwita. Katika kugeuka, kisigino chake kikagusa rundo. Tofali moja likateleza, taratibu kabisa, kama mtu anayejishusha kitandani.

Mama Zaina alikuwa akipita na ndoo kichwani. Alikuwa anaimba.

Ndoo ndiyo ilimwokoa. Tofali liligonga ukingo wa ndoo, likamchubua kichwa pembeni, kisha likavunja mtulinga wake na kushuka na bega. Nilisikia sauti ya mfupa. Hiyo sitawaeleza. Tulimlaza juu ya mlango uliokuwa haujapachikwa, tukasimamisha gari la mtu tusiyemjua, tukamfikisha hospitali. Njia nzima alikuwa akiuliza kama maji yamemwagika yote.

Patron alikuja hospitali siku ya pili na mananasi. Akasimama mwisho wa kitanda, mimi na Jeancy tukiwa hapo.

"Mama, pole sana," akasema. "Ni mapenzi ya Mungu. Na huyu kijana, tumusamehe tu, ni mguu wake uliteleza."

Mama Zaina alikuwa amefungwa kifua kizima, hawezi kugeuza shingo. Akamtazama kwa macho tu.

"Mungu namujua, patron," akasema. "Hakupanda pale juu kutoa mbao."

Patron akaweka mananasi chini akaondoka.

Hapo ndipo vita vilianza, na mutazame vizuri jinsi vilivyokwenda, kwa sababu vita hivi vina njia moja na mapatron wote wanaipita. Kwanza patron alisema kosa ni la Jeancy. Alipoona Jeancy ni mfanyakazi wake na kosa lingemrudia yeye, akasema kosa ni la mama, kwa nini hakuvaa casque, kofia ya kazi. Tulipouliza ni casque ipi, maana wanawake hawajawahi kupewa, akasema yule mama si mfanyakazi wake, ni mpita njia aliyeingia kuuza maji. Mama aliyebeba maji yake tangu msingi. Nilimwuliza mbele ya watu, "Donc basi, patron, simenti yako ilikuwa inachanganywa na mate?" Wanaume wakacheka, na tangu hapo tukawa maadui wa wazi, mimi na yeye.

Mtoto wa dada yake Mama Zaina alimjua mwanasheria mmoja, Maître Véronique, mwanamke kijana anayeongea polepole kama anayehesabu nyuzi. Alikuja hospitali akaketi kwenye benchi la korido, akatuomba tumweleze kila kitu tangu mwanzo. Aliniuliza maswali kuhusu ubao ambayo hata waashi hawaniulizi. Kisha akatufafanulia, na maneno yake nawapa kama nilivyoyashika.

"Papa Sefu," alisema, "sheria haiishii kuuliza ni mguu wa nani uligusa tofali. Inauliza pia: tofali lilikuwa chini ya ulinzi wa nani? Na mwenye mguu alikuwa chini ya amri ya nani? Mutu anajibu kwa matendo yake, anajibu kwa vitu anavyovichunga, na anajibu kwa watu anaowatuma wakiwa kwenye kazi yake."

"Na kama hana mkataba?" Jeancy akauliza. "Sisi wote hatuna karatasi."

"Mkataba wa mdomo ni mkataba. Kazi inathibitishwa na walioiona. Mama akiwa mfanyakazi, kuna mlango wa ajali ya kazi, na mwajiri alipaswa kumlinda na kuitangaza ajali. Akiwa mpita njia, kuna mlango wa code civil, sheria ya anayemdhuru mtu yeyote. Patron achague mlango anaoutaka. Mlango wa tatu, wa kutoka bila kujibu, haupo."

Nilitaka kupiga makofi pale koridoni. Jeancy hakufurahi. Yeye alikuwa amesikia neno moja tu, mguu.

Jumapili iliyofuata, Mama Zaina akiwa amekwisha kumshtaki, patron akaja kwangu. Alikuja mchana kweupe, ametoka misa, na suti yake. Mke wangu akampa kiti na chai. Alisifu chai, alisifu ua letu, kisha akafika alipokuwa anakwenda.

"Papa Sefu, naanza jengo ingine karibu na port. Nataka weye ukuwe chef, mukubwa wa chantier yote, si majukwaa tu."

"Nashukuru, patron."

"Kitu kidogo tu. Wakikuita, useme Jeancy alikuwa amekunywa. Hawatamufunga. Ni kijana, ataenda fasi ingine, ataanza tena."

"Hakuwa amekunywa."

"Nani atajua?"

"Mimi."

Alikoroga chai iliyokwisha kukorogwa. "Weye ndiye chef wa majukwaa," akasema. "Jukwaa ikikosa mbao, watamuliza nani? Fikiri vizuri. Naweza kuwaambia ulizitoa weye."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Akaja, akachukua kikombe mkononi mwa patron kikiwa bado na chai, akaingia nacho ndani. Kwetu hakuna namna nyingine ya kumwambia mgeni aende. Patron akaenda.

Nilikaa nikiwaza, sitawadanganya kwamba sikuogopa. Nilikuwa na umri ambao hakuna anayekutafutia kazi mpya. Lakini woga ule ulinifanya nikasirike, na hasira ilinisaidia kuliko ushujaa ambao sikuwa nao. Mtu anakunywa chai yako akikutishia nyumbani mwako, halafu unaulizwa kama utanyamaza?

Kesho yake nikasikia Jeancy ameonekana beach, pale mitumbwi inapovukia kwenda Lubunga. Nilipanda toleka, baiskeli ya kubeba abiria, nikamwambia dereva asipumzike. Nikamkuta kijana ameketi juu ya mfuko wake, anangoja zamu.

"Uko nakwenda wapi?"

"Ubundu, papa. Tonton, mujomba yangu, iko kule. Nitangoja treni, nitaenda kulima."

"Umeua mutu?"

"Mguu yangu, papa. Nilisikia lile tofali kwa kisigino. Kila nikilala naisikia."

Niliketi kando yake. Sikumwambia hana hatia, angeona namdanganya. Nilimwambia, "Ulichosikia ni kweli, na utakisema vile vile mbele ya jaji. Lakini ukivuka huu mto leo, patron hatahitaji tena shahidi. Mgongo wako ndiyo itakuwa shahidi. Watasema, mwenye haki hakimbiaki."

"Wakinifunga?"

"Nitakuwa pale. Na kama ni kufungwa, watafunga kwa mupango: anayeamuru kwanza, sisi nyuma."

Alicheka kidogo, akalia kidogo, akaacha mtumbwi wake uende. Nauli ya kurudi nilimlipia mimi, na mfuko wake ulikaa kwangu mpaka kesi ilipokwisha, kwa sababu simwamini sana kijana mwenye mfuko uliofungwa.

Tribinali ni mahali pa joto na pa kungoja. Kesi iliahirishwa mara nyingi hadi nikazoea madawati yake. Munapaswa kulijua hili: kuahirishwa ni silaha. Wanategemea uchoke, upate kibarua mahali, ukose siku moja. Mama Zaina hakukosa. Alikuja na mkono umeninginia kwenye kitenge, anakaa mstari wa mbele, anamtazama patron kama vile alivyomtazama hospitali. Waashi nao walikuja, si wote. Waliokuja waliulizwa, "Maji mulikuwa mukipata kwa nani?" na mmoja baada ya mwingine wakamwonyesha kwa kidole.

Siku yangu ilipofika nilivaa koti. Jaji alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Aliniuliza nani aliagiza mbao zitolewe, nikarudia maneno ya patron kama nilivyoyasikia, na ya kwangu pia. Mwanasheria wa patron akasimama. Alikuwa mzuri, namsifu.

"Mzee, weye ndiye mkubwa wa majukwaa?"

"Ndiyo."

"Jukwaa lisilo na ulinzi ni kosa la mkubwa wa majukwaa?"

"Inaweza kuwa."

"Donc kama kuna mwenye kujibu, ni weye."

Nilimwona patron ameinama mbele kidogo. Nikamgeukia jaji.

"Mama jaji, nilikataa, nikatumwa ng'ambo, nikarudi nikawaambia watu washuke. Kama sheria inaona hiyo haitoshi, iniite na mimi, nitakuja. Lakini nitakuja pamoja naye. Sitakuja kwa fasi yake."

Jaji aliandika kwa muda mrefu. Halafu akauliza kitu ambacho hakuna aliyekitegemea: chantier bado iko vile vile? Iko vile vile, maana inspekta wa kazi alikuwa ameisimamisha. Basi akasema tribinali itakwenda huko kujionea.

Upande wa patron ulikuwa umesema kwamba plinthe hazijawahi kuwepo, ni hadithi ya wazee. Jaji alifika na viatu vya kawaida, akakataa kushikwa mkono, akapanda ngazi mwenyewe. Alitembea kando ya nguzo za jukwaa langu akipitisha kidole kwenye mti, akasimama, akaingiza ncha ya kidole kwenye tundu la msumari. Akaenda nguzo ya pili, tundu lingine, urefu ule ule. Ya tatu vile vile. Hakuniuliza mimi. Alimwuliza patron, "Hapa palipigiliwa nini?"

Patron alitazama nguzo, akamtazama mwanasheria wake, akatazama mto. Akasema, "Mbao."

"Ziko wapi?"

Akaonyesha chini, kwenye coffrage. Zilikuwa pale wakati wote, zimekumbatia zege lake.

Hukumu ilipotoka, ilisema patron ndiye wa kujibu: kwa agizo lake, kwa vitu vilivyokuwa mikononi mwake, na kwa watu waliokuwa chini yake. Matibabu ya mama na fidia ya mkono wake vikawa juu yake. Jeancy hakufungwa. Patron alikata rufaa, akashindwa tena, akalipa kidogo kidogo kama mtu anayeng'olewa meno, na kila alipochelewa Maître Véronique alimkumbusha.

Musifikiri nawaletea hadithi ya harusi. Mkono wa kulia wa Mama Zaina haupandi juu ya kifua mpaka leo. Kichwani habebi tena kitu. Hukumu haikumrudishia bega, ilimrudishia tu heshima ya kutoambiwa kwamba aliumizwa na Mungu. Alifungua meza ya samaki wa kuvuta katika soko la Tshopo, anakata kwa mkono wa kushoto, na bado anaimba. Nilimwuliza siku moja kama amemsamehe patron. Akasema, "Nilimusamehe zamani. Lakini ningemusamehe kabla jaji hajasema, hangejua nimemusamehe kitu gani."

Na mimi nilifukuzwa, na hakuna patron aliyeniita tena. Habari ilizunguka: Sefu anasema. Nilimaliza miaka yangu nikifunga ngazi za watu wanaopaka rangi nyumba zao, na kuezeka majiko. Wengine wananihurumia kwa hilo. Wasinihurumie. Ningekuwa chef karibu na port, ningelala kila usiku nikimwona kijana aliyefungwa kwa uongo wangu.

Kwa hiyo, munaopanda sasa: fungeni vyombo vyenu. Musipange matofali mpaka ukingoni, acheni nafasi ya mkono mzima. Njia ya wanaobeba maji isipite chini ya wanaojenga, na kama hakuna njia nyingine, wa juu wasimame wakati wa chini anapita. Kitu kikianguka, mumwokoe mtu kwanza, kisha musiguse kingine, mupige picha na hizo simu zenu munazopigia picha za bia. Muulize nani alisema, siyo nani aligusa tu. Na ukiombwa kumtupia mwenzako kosa, kumbuka kwamba kesho mguu utakuwa wa kwako.

Mwezi uliopita nilipita kwenye jengo jipya la yule yule patron. Nilitaka kutazama tu. Mlinzi wa mlangoni, kijana mwenye adabu, alinizuia.

"Pole, papa. Patron amesema weye usiingie."

"Sawa. Nitatazama kutoka barabarani."

Juu hakukuwa na mtu. Waashi wote walikuwa wameketi kivulini chini, casque mapajani, wanakunywa chai. Wanawake wa maji walikuwa pamoja nao. Nikamwuliza mlinzi kuna nini.

"Wavu wa kuzuia vitu visianguke upande wa barabara haujafungwa," akasema. "Wamekataa kupanda mpaka ufungwe. Patron iko nakasirika tangu asubuhi. Anasema ni weye uliwaharibu hawa watu. Anasema kwa sababu yako atachelewa."

Niliwatazama. Hakuna hata mmoja niliyemjua.

"Mwambie achelewe," nikasema, nikaendelea na safari yangu.